Mkeka wa Ziada Chini ya Misonobari

Jua halijavuka paa la kinu cha unga, lakini Mama Nyoosha ameshavua viatu. Anaviweka kando ya mzizi, kisha anaanza kutandika mikeka juu ya majani makavu ya misonobari, mmoja baada ya mwingine, akiipigapiga kwa kiganja kuondoa mikunjo.

Kiganja hicho kimezoea kunyoosha vitambaa. Mama Nyoosha ni fundi cherehani, na mikeka yote ameishona mwenyewe: turubai kuukuu chini, blanketi chakavu katikati, na juu vipande vilivyobaki mezani baada ya kukata nguo za wateja. Ukitazama vizuri utaona pazia la ofisi limeungana na gauni la harusi ya mtu, na pembeni yake sare ya shule. Yote inanukia sabuni.

Leo ameleta mikeka ya watu wake wote, na mmoja zaidi. Huo wa ziada ni mpana kuliko mingine, umefungwa kwa utepe wa kahawia, na haukunjui. Kila asubuhi huja nao begani, huuegemeza kwenye shina la mti, na mazoezi yakiisha huurudisha nyumbani vilevile ulivyofungwa.

“Huo ni wa mtu,” anasema anapoulizwa, kisha anageuza macho kutazama njia inayotoka kwenye makazi.

Hapa nyuma ya kinu ndipo anapofundisha yoga, yale mazoezi ya kunyoosha mwili na kutuliza pumzi. Hakuna ukumbi, hakuna kioo ukutani, hakuna muziki. Kuna misonobari, kijito ambacho maji yake yanaishia kwenye vifundo vya miguu, na ndege wanaopigiana kelele kana kwamba wanagawana urithi. Upepo ukivuma, matawi yanatoa mvumo mmoja mrefu, na Mama Nyoosha huwaambia watu wake wavute pumzi pamoja nayo.

“Ndani hupati kitu kama hiki,” anasema. “Ndani kwangu ukivuta pumzi unavuta harufu ya pasi.”

Alianza yoga kwa sababu ya mgongo. Miaka mingi ya kuinama juu ya cherehani ilimfikisha mahali ambapo akitaka kusimama, anasimama kwa awamu: kwanza kiuno, halafu mabega, halafu “aaah” moja ndefu. Wateja walikuwa wanasubiri amalize kusimama ndipo waanze kueleza mshono wanaoutaka.

Siku moja alipata kazi ya kushona foronya za mito ya ukumbi wa yoga uliokuwa ghorofani, juu ya duka la vyombo. Mwalimu wa ukumbi ule, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, alimwona akipima mito huku ameshika kiuno. Akamwambia akimaliza asiondoke.

“Nilidhani kazi yangu imeharibika,” anakumbuka huku akicheka. “Kumbe ananiambia nilale chini. Na mimi nimevaa sketi yangu ya kwendea kwa wateja! Nikalala hivyo hivyo. Nilipoamka nikajiuliza, hivi mgongo huu ulikuwa umejificha wapi siku zote?”

Wakakubaliana: yeye atarekebisha mito na mapazia ya ukumbi, mwalimu naye atamfundisha. Wakaenda hivyo kwa miaka kadhaa, hadi mwalimu alipohamia mji mwingine kumuuguza mama yake na ukumbi ukageuzwa stoo ya magodoro. Siku ya kuagana alimsihi Mama Nyoosha asiache mazoezi, na asiyafanye peke yake.

Alijaribu kuendelea nyumbani. Nyumba yao ni ya vyumba viwili, na cha mbele ndicho sebule, ndicho pia karakana. Akinyoosha mguu anagonga kabati, akinyoosha mkono anaangusha makopo ya vifungo. Siku alipopiga teke ndoo, maji yakaloanisha kitambaa cha mteja, mumewe alimwambia kwa upole kwamba nje kuna nafasi na haina kabati.

“Kwa hiyo ni yeye aliyenitoa nje,” anasema Mama Nyoosha, na hapo sauti inapungua. “Sasa mimi ndiye ninayeshindwa kumtoa yeye.”

Mumewe ni mwashi. Kwenye kazi za ujenzi wanamwita Timazi, jina la ule uzi wenye kipande cha chuma ambao waashi huutumia kujua kama ukuta umesimama wima. Walimpa jina hilo kwa sababu ya jicho lake. Ukuta ukiinama upana wa kucha, yeye anauona tangu barabarani, na kupita kimya hawezi.

Mwaka jana alikuwa juu ya jukwaa, zile mbao na mirunda ambazo waashi husimama juu yake wakijenga ghorofa, ubao mmoja ukakatika. Alivunjika nyonga na mguu. Hospitali walimtibu vizuri, mfupa ukaunga, na leo anatembea kwa fimbo. Kazi ya juu imekwisha. Kipato cha nyumba sasa kinatoka kwenye cherehani moja: siku njema magauni mawili, siku mbaya kubadilisha zipu ya suruali na kurudi kushika tama.

Lakini si hilo linalomuumiza kichwa Mama Nyoosha. “Tunakula, kodi tunalipa, watoto wetu wanatukumbuka,” anasema. “Tatizo ni kwamba baba huyu hatoki nje.”

Ilianza kwa jambo dogo. Wiki chache baada ya kuruhusiwa hospitali, Timazi alikaa sakafuni kurekebisha mguu wa stuli. Alipotaka kuinuka, hakuweza. Wakati huohuo vijana aliowafundisha uashi wakaingia kumjulia hali. Wakamshika kwapani, mmoja huku mmoja kule, wakamnyanyua kama gunia. Walifanya hivyo kwa mapenzi, na mmoja wao akatania kwamba mzee siku hizi amekuwa mzigo.

“Alicheka nao,” anasema mkewe. “Walipoondoka akakaa kwenye kile kiti kirefu cha dirishani. Ndipo alipo mpaka leo.”

Tangu siku ile Timazi hakai mahali pa chini. Akialikwa, anauliza kwanza kuna viti vya namna gani, na hata vikiwa virefu haendi. Mkewe amembembeleza, amemnunia, amemletea nesi wa kumshauri, na mwisho akamshonea mkeka wenye unene maradufu kwa ajili ya nyonga yake. Jibu halijabadilika: “Nikalale chini mbele za watu, halafu nani aniinue? Wewe?”

Mkeka wenyewe ndio huo ulioegemea mti.

Watu wanaanza kufika. Anatangulia nesi mstaafu, ambaye wote wanamwita Sista, akitembea kwa haraka kana kwamba bado kuna kengele ya wodi inamwita. Yeye ndiye anayewakumbusha wenzake kila mara kwamba mazoezi si mbadala wa daktari. Nyuma yake ni dereva wa lori, kijana mpole anayefanya yoga na kofia kichwani. Wa mwisho ni mwoka mikate, mnene, mcheshi, ana unga kwenye nyusi. Humwita Mama Nyoosha dada, kwa hiyo Timazi ni shemeji yake, na utani wa mashemeji anaufaidi bila huruma.

Kundi hili lina utaratibu wake. Anayejiunga lazima aupe mkao mmoja jina kutoka kwenye kazi yake. Mama Nyoosha aliuanzisha baada ya kuona watu wanayasahau majina aliyofundishwa ukumbini. Kuinama viganja na nyayo zikiwa chini na kiuno kikiwa juu, kwake ni mkasi. Kulala kifudifudi na kukisukuma kifua juu kwa mikono ni kukanda unga, na si vigumu kujua nani alitoa jina hilo. Kulala miguu ikiwa imeegemezwa juu ya mti ni dripu. Dereva aliuchukua ule wa kuinama mpaka kichwa kikaribie magoti, akauita kuchungulia injini.

Mkao wa kumalizia, ule wa kulala chali bila kutikisika, ukumbini uliitwa mkao wa maiti. Siku Mama Nyoosha alipolitaja jina hilo hapa, mwoka mikate alianza kukunja mkeka wake.

“Dada, mimi sikutoka kwenye tanuri langu nije kuwa maiti msituni,” alisema. “Na wewe Sista usicheke, wewe umeshawaona wengi, mimi bado nawaogopa.”

Ukaitwa kitambaa mezani. Maana kitambaa, Mama Nyoosha aliwaeleza, hulazwa kwanza kikatulia ndipo kikatwe, na ukikikata kikiwa na mikunjo nguo itakusuta mwilini mwa mteja.

Leo hata hivyo hawana utani mwingi. Kila mmoja anatazama njia kwa kuibia, kwa sababu Timazi amesema atakuja. Haji kwa ajili ya yoga. Anakuja kwa ajili ya ukuta.

Ukuta wenyewe uko upande wa kijito. Mahali hapa pana mteremko, na mtu akilala muda mrefu huanza kuteleza taratibu bila habari. Sista aliwahi kufumbua macho akakuta miguu yake imo majini. Basi wakakubaliana kusawazisha ardhi na kuweka ukuta mfupi wa mawe wa kuzuia udongo, na mwoka mikate, ambaye nguvu anazo na aibu hana, akajitolea kuwa fundi.

Aliokota mawe ya mviringo kijitoni, kwa kuwa aliyaona ndiyo mazuri, akayapanga kama mikate kwenye trei, safu juu ya safu, na udongo katikati. Msingi hakuchimba. Tundu la kupitishia maji hakuacha. Wenzake walimpigia makofi. Mvua ya kwanza iliponyesha, ukuta ukaota tumbo.

Mwoka mikate hupita dirishani kwa Timazi kila siku na baiskeli yake ya mikate. Juzi alisimama kumsimulia jambo hilo kama kichekesho.

“Shemeji, ukuta wetu una mimba.”

Timazi hakucheka. “Msingi mlikwenda chini kiasi gani?”

“Msingi wa nini? Ukuta wenyewe unaishia magotini.”

“Mawe je?”

“Ya kijitoni. Mazuri, ya mviringo, yanang’aa.”

Mama Nyoosha alikuwa ndani akitunga uzi kwenye sindano, na anasema alimwona mumewe akifumba macho kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

Jioni ile chakula kilimpoa mbele yake. Kila mkewe alipotaka kuzungumza habari nyingine, Timazi alirudi kulekule. Udongo wa pale ni mfinyanzi au kichanga? Mawe wameyapanga viungo vikipishana au vimekaa mstari mmoja? Mwishowe Mama Nyoosha akamwambia kwamba yeye anajua viungo vya koti, vya mawe havijui, na mwenye haja ya kujua aende akaangalie.

“Nitakwenda,” Timazi akajibu. “Kuangalia tu.”

Asubuhi hii alikataa kuongozana naye. “Tangulia,” alimwambia. “Sitaki kusindikizwa kama bibi harusi.”

Mazoezi yanaanza, lakini mwalimu hayupo. Yaani amesimama mbele ya watu wake kama kawaida, ila akili yake iko njiani. Anafundisha upande wa kushoto, kisha anafundisha tena upande wa kushoto.

“Dada, mguu wa kulia nao ni wetu,” mwoka mikate anamkumbusha.

Anacheka, anaomba radhi, na baada ya pumzi mbili macho yamesharudi kulekule. Roho yake iko juu na wala hafichi. “Nimemwacha anavaa viatu,” ananong’ona. “Anaweza akavivaa, akavivua. Wiki ya sherehe ya binti yetu alifanya hivyo.”

Wako kwenye mkasi, vichwa chini, wakati Sista anapomwona wa kwanza kupitia katikati ya miguu yake mwenyewe.

“Amekuja,” anasema. “Namwona kichwa chini miguu juu, lakini ni yeye.”

Timazi ni mrefu, mabega mapana, shati lake limepigwa pasi. Hasalimii mtu. Anapita pembeni ya mikeka, anakwenda moja kwa moja ukutani, na kusimama mbele yake kwa muda wa kutosha mtu kumaliza kikombe cha chai. Kisha anatoa uzi wake mfukoni, anakiacha chuma kining’inie karibu na mawe. Kati ya uzi na tumbo la ukuta hakuna maelewano hata kidogo.

“Nani kafanya hivi?”

Watu wazima wanatazama majani ya chini.

“Shemeji, tulishirikiana,” mwoka mikate anajitetea.

“Ukuta kama huu haufanywi na watu wengi. Huu una mwenyewe.”

“Basi mimi.”

“Mikate yako nimekusamehe miaka yote, hata ile yenye shimo katikati. Hili sikusamehe.”

Anaugusa kwa ncha ya fimbo. Jiwe moja linachomoka, linabingirika, linatumbukia kijitoni.

“Hilo limerudi kwao,” anasema mwoka mikate.

Hapo Timazi anacheka. Ni kicheko cha ghafla, cha kifuani, na Mama Nyoosha anageuka upande na kujifanya anapanga viatu vya watu. Baadaye analiambia gazeti hili kwamba hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu ubao ulipokatika.

Kisha linatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Timazi anataka kuona ukuta unapokutana na ardhi. Anaiweka fimbo pembeni, anashika jiwe kubwa la kwenye kona, anapiga goti la mguu mzima, anashuka, na kukaa chini mguu mbovu ukiwa umenyooka. Anaingiza vidole chini ya safu ya kwanza, anafukua, anaguna. Anawaita waje waone maji yalipopita. Anawaeleza kwa nini jiwe la mviringo halikai juu ya mwenzake, kwa nini ukuta lazima uachiwe matundu ya kupumulia, na anaeleza kwa raha, mikono ikiwa na udongo mpaka viwikoni.

Ndipo anapokumbuka.

Inaonekana usoni. Mkono unaacha kufukua. Anaitazama fimbo, iko mbali. Anautazama ukuta, hauwezi kumbeba hata mtoto. Anawatazama watu waliosimama wamemzunguka, na shingo yake inaingia mabegani. Dereva, kijana wa watu, anapiga hatua kwenda kumsaidia. Mama Nyoosha anamshika kiwiko bila hata kumwangalia.

“Jamani,” anasema kwa sauti yake ya kila siku, “kitambaa mezani.”

Sio wakati wake. Dripu bado, na mguu wa kulia haujapata haki yake. Lakini hakuna anayeuliza. Sista analala alipo, bila kurudi kwenye mkeka wake. Dereva anavua kofia kwa mara ya kwanza na kulala juu ya majani. Mwoka mikate anashuka kwa miguno kama lori linaloshusha mchanga.

Mama Nyoosha anakwenda kwenye mti na kufungua utepe wa kahawia. Anautandika mkeka mpana palepale kando ya mumewe, anaupigapiga kwa kiganja, na kuilaza fimbo pembeni yake.

“Na wewe jilaze, upumzishe nyonga,” anamwambia. “Au utakaa unawatazama watu waliolala kama mlinzi wa zamu?”

Timazi anaugusa mkeka kwenye pembe, ambako kuna kitambaa kizito cha bluu. “Hii si ovaroli yangu?”

“Waliichana siku ile hospitali. Ulitaka niitupe?”

Anausogeza mwili wake polepole juu ya mkeka, anaegemea kiwiko kimoja, halafu cha pili, kisha analala chali, macho yakitazama matawi. Mama Nyoosha naye analala. Kwa muda kinachosikika ni maji ya kijito na kinu kinachoanza kunguruma kwa mbali. Koni moja ya msonobari inadondoka. Mwoka mikate anakoroma kidogo, kwa adabu.

Katika kundi hili hakuna anayeruhusiwa kukurupuka kutoka mkao huu. Ndivyo Mama Nyoosha alivyofundishwa, na kwa mgongo wake ndivyo alivyojifunza: mwili uliotulia huamshwa kwa hatua. Hajabadilisha chochote kwa ajili ya leo. Wamekuwa wakiamka hivi hivi tangu siku ya kwanza, wakati mtu wa dirishani akiamini kwamba watu wote duniani huinuka kwa kuruka isipokuwa yeye.

“Vidole vya miguu,” anasema, bado amelala. “Vidole vya mikono. Kunja magoti. Geuka ulalie ubavu, ule mzima. Tulia hapo. Sukuma ardhi kwa mkono, kaa. Tulia tena. Sasa viganja na magoti chini. Mguu wenye nguvu mbele. Kama kuna kitu cha kushika, shika.”

Sista anashika shina la mti. Dereva anashika goti lake mwenyewe. Timazi anashika fimbo. Wote wanapanda kwa kujivutavuta, kwa kuguna, makalio yakitangulia, na hakuna anayepata nafasi ya kumtazama mwenzake kwa kuwa kila mtu ana shughuli na mwili wake. Fimbo inatetemeka mara moja. Halafu mabega mapana yanakaa mahali pake, na Timazi amesimama.

Chini amebaki mtu mmoja.

“Shemeji,” mwoka mikate anaita akiwa kwenye magoti, “nipe mkono basi.”

“Nani akuinue? Mimi?” anasema Timazi. “Fuata maelekezo. Mguu wenye nguvu mbele.”

“Kati ya hii miwili hakuna wenye nguvu!”

Watu wanacheka mpaka kijito hakisikiki. Mama Nyoosha anacheka na machozi yanamtiririka, anayafuta kwa mkono wa blauzi, yanarudi tena. “Nina furaha,” anasema. “Andika hivyohivyo, usipambe.”

Sista, ambaye wodini alikuwa hasahau dozi ya mtu, hasahau utaratibu pia. “Mgeni hajatoa jina.”

“Mimi si mgeni wenu,” anapinga Timazi. “Nimekuja kwa ukuta.”

“Umelala kwenye mkeka. Aliyelala anatoa jina.”

Wanamwonyesha ule mkao wa kusimama kwa mguu mmoja, ambao mpaka leo hauna jina kwa sababu kila mtu akiujaribu anaishia kumshika jirani yake. Dereva anapendekeza uitwe timazi, kwa heshima yake. Mwashi anawatazama wakiyumbayumba na kutikisa kichwa. Anasema wasimharibie jina, maana hapo hakuna aliyenyooka hata mmoja.

Anafikiri, amekunja uso, anapangusa udongo viganjani. “Huku kuamka kwenu kuna jina?”

“Hakuna,” anajibu mkewe. “Ni kuamka tu.”

“Basi kuwe kupanda jukwaa.”

Wote wanajua alianguka kutoka wapi.

“Jukwaani hupandi kwa kuruka,” anaeleza, kwa sauti ileile aliyoelezea mawe. “Unaweka mguu, unashika, unatulia, unasikiliza kama pamekubali. Ndipo unaweka mwingine. Mimi siku ile nilikuwa na haraka, nilitaka kumaliza kabla ya mvua.” Anapangusa tena viganja. “Kupanda najua. Nilisahau tu.”



Kazi imeshapangwa. Jumamosi ukuta utabomolewa wote, na aliyeujenga ndiye atakayebeba mawe. Watachimba msingi, wataleta mawe yenye pembe, wataacha matundu ya maji. Timazi ataongoza akiwa ameketi chini, kwa sababu ukuta mfupi, anasema, unajengwa na mtu aliyeketi. Sehemu ya juu ataiacha bapa na pana kidogo, ili mtu anayepanda jukwaa apate mahali pa kushika.

Mama Nyoosha naye ana mipango. Anataka kuwaleta mafundi cherehani wenzake, ambao anawaona wakisimama kwa awamu kama alivyokuwa yeye. Anataka pia wale vijana wa uashi waje, waone mwalimu wao anavyoinuka. Ameshaanza kuweka kando vipande vya mikeka yao.

Jua sasa limevuka paa la kinu na linapenya katikati ya matawi. Watu wanakunja mikeka na kumkabidhi mwenyewe, ila mmoja. Timazi ameuviringisha wa kwake ovyo, utepe wa kahawia ameufunga fundo la mwashi ambalo halitafunguka kwa urahisi, na mkewe anaponyoosha mkono kuupokea, yeye anaubana kwapani.

“Acha. Huu nitaubeba mwenyewe.”

Mama Nyoosha anabaki na bega moja tupu, analishika kana kwamba amepoteza kitu. Timazi amesimama njiani, fimbo mkono mmoja, mkeka kwapa la pili, anamsubiri.

“Vaa viatu twende,” anamwambia. “Ule mwiko wangu wa kujengea uliuweka wapi?”

“Chini ya meza ya kukatia,” anajibu kabla swali halijaisha. “Nimeufunga kwa kitambaa, haujashika kutu.”